Lusina Nyuma ya Magofu

Miche thelathini na sita ya minazi ilikuwa imepangwa kivulini, ubavuni mwa nyumba ya Ami Mwinyijuma, na kila mmoja ulikwisha kutoa jani la tatu. Asmahani aliihesabu kila alipopita kwenda kisimani. Hakupenda kuihesabu, lakini macho yalikwenda yenyewe, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Alijua ile miche inangoja nini. Ilikuwa inangoja masika, na ilikuwa inangoja shamba lake.

Pale Tongoni ardhi ilikuwa haina mwenyewe mpaka isimame mti. Ukilima mhogo umelima chakula chako, na ukishang'oa umekwenda zako. Ukipanda mnazi umepanda jina; wajukuu wataukwea huku wanakutaja. Marehemu Miraji, babake Asmahani, hakupanda mnazi hata mmoja. Yeye alikuwa mchoma chokaa. Miaka ishirini alichimba mawe ya matumbawe kwenye kile kipande nyuma ya magofu ya msikiti wa kale, akayapanga juu ya magogo, akayachoma, akawauzia waashi. Alipokufa aliacha tanuu lililobomoka na ardhi nyeupe kama imemwagiwa unga. Watu wakasema ile ardhi imeungua, haizai tena. Basi hakuna aliyeigombea, mpaka Asmahani aliporudi kutoka Pangani na talaka yake na sanduku moja la bati, akaomba alime.

"Lima," Ami Mwinyijuma alimwambia. Alikuwa mdogo wake Miraji, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. "Lima utakacho, ila usinipandie mti. Mti ni neno la wakubwa."

Hakupanda mti. Alipanda lusina.

Neno lenyewe alilipata kwa Mama Noa. Huyu jina lake la ubatizo ni Elizabeti, Mshambaa wa huko Mlalo, mke wa mkata mkonge katika shamba la wazungu ng'ambo ya barabara ya Pangani. Alikuwa akija Tongoni kununua samaki, na siku moja akapitia njia ya magofu, akasimama kwenye ile ardhi nyeupe, akainama, akachota mkono mmoja, akacheka peke yake.

"Unacheka nini, Mama Noa?" Asmahani alimwuliza.

"Nacheka mambo ya Mungu. Kwetu milimani nilipokuwa msichana nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwa mzungu mmoja. Lusina. Yule bwana alikuwa ananunua chokaa, magunia kwa magunia, aimwage shambani ndipo lusina ikubali. Nyinyi mmemwagiwa bure, na mnapakimbia."

Asmahani hakuwa mtu wa maneno mengi. Darasa la nne ndiko alikoishia, na hata huko mwalimu alikuwa akimwita "yule anayetazama". Alimtazama Mama Noa, akautazama ule udongo mkononi mwake, akasema, "Hebu nieleze vizuri."

Akaelezwa. Kwamba lusina ni majani, lakini si majani ya kung'oa. Mizizi yake inakwenda chini kuliko kisima cha mvivu, kwa hiyo kaskazi ikikausha kila kitu yenyewe inakaa kijani. Unaikata, inachipua, unaikata tena, inachipua tena, mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa nne, pasipo kupanda upya. Na ng'ombe anayeila hukamuliwa mpaka mkamuaji aombe msaada.

Mbegu ziliteremka na kakake Mama Noa, zimefungwa kwenye kitambaa, ndogo kama ufuta. Asmahani akazipanda kwa mistari. Zikaota zote. Mwezi wa pili zikageuka rangi.

"Majani ya Asmahani yana homa ya manjano," wanawake wa kisimani walisema. "Mpelekeni daktari akayachome sindano."

Asmahani alicheka nao, kisha akaenda kukaa shambani na kuyatazama yanavyokufa. Mama Noa alipokuja alipiga magoti, akang'oa mche mmoja, akakagua mizizi. Ilikuwa laini mitupu, haina hata kinundu. Akajipiga paji la uso.

"Kosa langu. Nimesahau udongo."

Alipopanda kwao kwa sikukuu ya Krismasi, alirudi na kapu kichwani. Utingo wa basi alimsimamisha pale Mombo. "Mama, umebeba nini kizito hivi?" "Udongo." "Kwani huko Tanga hakuna udongo?" "Upo," akasema Mama Noa, "lakini haujafundishwa."

Ule ulikuwa udongo wa shamba la lusina la zamani, na lusina haikai vizuri ila mahali ambapo udongo unaijua. Wakauchanganya na mbegu mpya, wakapanda tena mvua za mwaka uliofuata zilipoanza kupungua. Safari hii zilipofika mwezi wa pili zilikuwa kijani cha kuumiza macho, na Asmahani aling'oa mche mmoja akakuta kwenye mizizi vinundu vidogo vya waridi, kama shanga za mtoto. Akaurudisha ardhini kwa heshima, ingawa alijua umeshakufa.

Toka hapo alijifunza kwa kutazama. Aliona kwamba akikata kabla ya ua, mashina yanachelewa kuchipua. Akingoja maua yafunguke yote, shina linakuwa gumu kama kuni. Wakati wake ni pale ua la zambarau linapoanza, moja hapa moja kule. Aliona kwamba mundu ukipita chini sana, chipukizi changa zinakwenda na mundu. Basi akawa anaacha vidole vinne. Na alizingatia sana neno moja ambalo Mama Noa alimrudia kama anayemfundisha mtoto sala: usimpe ng'ombe lusina iliyolowa, wala ng'ombe asiijie na njaa. Isinyae kwanza, na tumboni kuwe na majani makavu. Ukikosea hapo, tumbo linajaa povu na ng'ombe anakufa amesimama, usipowahi kumtia mti kinywani na kumnywesha mafuta.

Ilipofika Januari ya mwaka hamsini na nne, Tongoni yote ilikuwa imekauka, na nyuma ya magofu palikuwa kijani. Ndipo Ami Mwinyijuma alipokuja kutazama, mikono nyuma.

"Pazuri," alisema. "Lakini mwanangu, majani hatuli. Nani anayanunua?"

"Sijapata mtu bado, Ami."

"Nami nina miche thelathini na sita haina pa kwenda." Walikuwapo watu wanne wametoka msikitini, na Mwinyijuma alipenda kusema neno mbele ya watu, kwa kuwa akilisema hivyo halirudishi. "Basi tusikilizane. Ukipata mtu mmoja wa mjini wa kuyachukua mwaka mzima, si wa kuonja, miche yangu nitaitafutia mahali pengine na hapa sitakugusa. Usipopata, mvua ya kwanza ya masika natia jembe. Nimekudhulumu?"

"Hukunidhulumu, Ami."

Na kweli hakuwa amemdhulumu. Hilo ndilo lililomwuma.

*

Kule mjini, upande wa Chumbageni, alikuwako Sharifu Idarusi, mwenye ng'ombe kumi na wawili wa maziwa, chotara wakubwa wenye viwele kama vibuyu. Maziwa yake yalikwenda kwenye nyumba za wazungu wa Raskazone kila asubuhi. Wakati wa kaskazi alikuwa hapati usingizi, maana wakata majani walikwenda mbali zaidi kila wiki na mizigo ilikuja midogo zaidi. Na hiyo midogo ilikuwa na siri ambayo si siri: kabla ya kufika zizini hupitishwa bombani, ikalowekwa, ikatoka inang'aa na nzito. Tanga nzima ilikuwa ndiyo desturi. Majani yasiyochuruzika maji hayakununuliwa. Mtu aliyaangalia akasema ni ya jana.

Machi ilipoingia Asmahani alikwenda kwake, akashika mkono wa Sharifu akaubusu, akaweka mbele yake mzigo mmoja wa lusina, wenye vishada viwili vitatu vya zambarau.

Sharifu alisimamisha tasbihi. "Haya ni majani ya ng'ombe au ya bibi harusi?"

"Ni ya ng'ombe, Sharifu. Yanaitwa lusina."

"Mbona yamelegea? Yametoka matangani?"

"Nimeyanyausha makusudi." Akamweleza yote: umande, maji, njaa, povu. Alieleza polepole na kwa adabu. Sharifu aliitikia kwa kichwa mara tatu, lakini macho yake yalikuwa kwenye madebe ya maziwa yanayopakiwa, na Asmahani aliona kwamba maneno yake yameishia kwenye kilemba. Angeweza kuyarudia. Lakini yeye ni nani, mwanamke wa juzi juzi, amrudie sharifu maneno kama anayemsomesha? Akanyamaza.

"Niletee mizigo ishirini," Sharifu alisema. "Wakiipenda, tutazungumza habari ya mwaka. Wasipoipenda, nitakuwa nimewapa maua."

Kesho yake mchana, umande umeshakauka, Asmahani na Mama Noa walikata mizigo kumi, wakaitandaza chini ya banda la makuti kwa muda wa saa mbili tatu, wakaifunga. Laurenti, Mbondei aliyekuwa dereva wa lori la mbata, akaipakia juu ya magunia.

"Miaka yote nabeba nazi," alisema. "Leo nimebeba mboga."

"Ukila utatoa maziwa," Mama Noa alimwambia.

Lori likaenda nayo. Asmahani alikuwa aende asubuhi yake na kumi iliyobaki. Alitia na sandukuni mwake chupa mbili za mafuta ya nazi, safi, ya kukamua mwenyewe, zawadi ya mkewe Sharifu.

*

Aliposhuka kwenye lori pale zizini alikuta watu wamesimama duara. Katikati alikuwa ng'ombe mwekundu, yule ambaye Sharifu alimwita Johari, anayewapita wote kwa maziwa. Miguu ilikuwa imetanuka, shingo imenyooka mbele, ulimi nje. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu kuliko uti wa mgongo, na Zubeiri mchunga alipougonga kwa kiganja ulilia kama ngoma.

"Huyo amekuja," mtu mmoja alisema. "Mwenye sumu yake."

Sharifu Idarusi aligeuka. Hakupaza sauti. "Binti Miraji, nimekukosea nini?"

Asmahani hakumjibu, na hakuwa amekusudia utovu wa adabu. Alikuwa anatazama. Alitazama hori, akaona mashina ya lusina yaliyobaki. Akaingiza mkono, akautoa unachuruzika. Ndipo akajua.

"Zubeiri," alisema, "nitafutie mti, unene wa mpini wa jembe, na kamba. Tafadhali upesi. Sharifu, radhi, nitasema baadaye."

Sijui ni kwa nini Zubeiri alimtii. Labda kwa sababu Asmahani peke yake pale ndiye aliyekuwa anajua la kufanya, na hilo mtu huliona. Mti ukaletwa. Asmahani akaupitisha kinywani mwa Johari kama lijamu, Zubeiri akafunga kamba nyuma ya pembe, na ng'ombe akaanza kuutafuna na kudondosha mate. Wakamsogeza mpaka kwenye tuta la samadi, miguu ya mbele ikapanda juu. Kisha Asmahani akafungua sanduku lake, akatoa chupa ya kwanza ya mafuta ya nazi, akaingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, akamimina kidogo kidogo, huku anangoja ameze.

"Ameleta na mafuta ya kumkaangia," mmoja wa wakata majani alisema, na wawili wakacheka.

Asmahani alimimina chupa ya pili nusu. Akaweka ngumi kwenye ubavu, akasugua kwa nguvu, chini juu, chini juu, kama anayekanda mkate wa watu mia. Zubeiri akaja upande wa pili. Jasho likawatoka. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Sharifu alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inakwenda.

Kisha Johari akapiga mbweu.

Ilikuwa mbweu ndefu, ya kuona haya, yenye harufu ya majani na nazi, na ikafuatwa na nyingine, na nyingine. Ule ubavu ulishuka mbele ya macho ya watu kama kanda la unga linalotobolewa. Baada ya kitambo ng'ombe alitikisa kichwa, akainua mkia, akafanya haja yake pale pale juu ya kanzu ya aliyesema habari ya kukaanga.

"Alhamdulillahi," Sharifu alisema. Halafu, "Sasa sema."

"Majani yamelowa, Sharifu."

Zubeiri, mtu mzima mwenye mvi, akavua kofia yake. "Ni mimi. Yalikuja jana magharibi yamelegea. Nikasema, Sharifu akiyaona hivi asubuhi atamfukuza huyu mwanamke, na mwanamke mwenyewe ana uso wa kheri. Nikayapeleka bombani nimsaidie. Alfajiri nikampa Johari wa kwanza, na njaa yake." Akamgeukia Asmahani. "Wallahi, nilikuwa nakuokoa."

"Kwani hukuambiwa?" Sharifu alimwuliza.

"Niliambiwa nini, na nani?"

Asmahani alitazama chini. Lakini Sharifu Idarusi hakuwa mtu mbaya, na kumbukumbu ilikuwa inamrudia, neno moja moja: umande, maji, njaa, povu. Aliipitisha tasbihi kidoleni mara mbili.

"Aliambiwa asiyesikiliza," alisema hatimaye. "Na asiyesikiliza ni mimi."

"Na mimi niliona hukusikia, Sharifu, nikaona haya kurudia," Asmahani alisema. "Haya yangu imetaka kuua ng'ombe. Sioni haya tena. Na mafuta yale yalikuwa zawadi ya mkeo. Naomba siku saba. Nitakaa hapa hapa, nitawalisha mwenyewe, na Johari awe wa kwanza. Siku ya saba ukiona hakuna kitu, nitafunga mizigo yangu na sitakusumbua maisha."

"Johari huyu huyu?"

"Huyu huyu. Majani haya yakimfaa Johari, hakuna atakayeyaogopa tena."

Sharifu alikubali kwa kichwa. "Siku saba," alisema. "Na mafuta ya mke wangu yaliyobaki nipe, nisije nikarudi nyumbani mikono mitupu."

*

Alilala kwa mke wa Zubeiri. Asubuhi alianza na majani makavu, kila ng'ombe fungu lake, akangoja yatulie tumboni. Saa nne ndipo ilipokuja lusina, konzi moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, akiongeza taratibu. Mizigo aliyoikata Mama Noa, Laurenti akaileta kila jioni, aliifungua mwenyewe na kuitandaza chini ya paa. Bombani aliweka ndoo imefunikwa, na juu yake akakaa Zubeiri.

"Hapa hapiti mtu na majani," Zubeiri alisema, "hata kama ni mamangu mzazi."

Wakata majani walipita langoni wakisimama kumchokoza. "Leo mmemwua nani?"

"Bado tunachagua," Zubeiri aliwajibu. "Ingieni."

Johari, ambaye kabla ya ugonjwa alikuwa akitoa chupa kumi na moja kwa siku, siku ya kwanza alitoa nne. Siku ya pili sita. Siku ya tatu alirudi kwenye tisa, na Asmahani aliona jicho lake limeng'aa na pua imelowa vizuri. Siku ya tano alifika kumi na moja. Wenzake nao walikuwa wanapanda, mmoja chupa moja, mwingine moja na nusu, wakati mazizi yote ya Tanga yalikuwa yanatafuna vumbi. Mpishi wa nyumba moja huko Raskazone alileta salamu: bibi anauliza maziwa yametiwa nini, mbona siagi imekuwa ya manjano.

Asubuhi ya siku ya saba mbingu ya kusini ilikuwa nyeusi. Laurenti alishuka kwenye lori, hakucheka.

"Asmahani, amiyo ameshachimba mashimo manne. Anasema ameisikia radi."

Mama Noa alikuwako huko, lakini Mama Noa alikuwa mke wa mkata mkonge, hana kauli kwenye ardhi ya watu. Ungekuwa wewe ungepanda lori lile lile. Asmahani mguu wake mmoja ulikwisha kuwa juu ya ngazi ya lori. Akaitazama ile mbingu, akaitazama ndoo ya kukamulia, tupu. Jioni ilikuwa bado. Siku ya saba ilikuwa haijakwisha, na akienda bila siku ya saba atakwenda na nini? Maneno? Maneno hayazibi shimo la mnazi.

Akashusha mguu. "Mwambie Ami nakuja na mtu."

"Nani?"

"Sijui bado. Mwambie hivyo hivyo."

Jioni Sharifu alikuja mwenyewe na kiti chake, akakaa. Zubeiri akakamua. Povu lilipanda kwenye ndoo. Chupa zikapangwa juu ya ubao, za asubuhi na za jioni: nane, tisa, kumi, kumi na moja. Zubeiri aliendelea kumimina. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Ya kumi na nne ilijaa mpaka shingoni, na kwenye ndoo yakabaki ya chai.

Sharifu Idarusi alichovya kidole, akalamba. "Hilo shamba lako liko wapi?"

*

Mvua ilianza kesho yake asubuhi walipokuwa wanapita Mwambani, mvua kubwa ya matone mazito. Sharifu alikuwa amekaa mbele na Laurenti, na Asmahani nyuma juu ya magunia, amejifunika turubai. Lori lilipoingia njia ya magofu aliinuka, akaona watu wamesimama ukingoni mwa lusina yake. Ami Mwinyijuma alikuwa katikati, jembe begani. Kando yake ilikuwa miche, yote thelathini na sita, imelala kwenye mkokoteni. Mashimo yalikuwa tisa. Moja lilikuwa limeingia kwenye mstari wa kwanza wa lusina, na Mama Noa alikuwa amekaa ndani yake, miguu imening'inia, khanga imelowa.

"Namwambia atoke, hatoki," Mwinyijuma alisema kumwambia Asmahani, kama anayemshtaki. "Mwambie mwenzio. Mvua ya kwanza ndiyo hii."

"Shikamoo, Ami. Na mtu wangu ndiye huyu."

Sharifu Idarusi alikuwa ameshuka. Kila mtu alimjua kwa jina, wachache kwa sura. Akavua viatu vyake, akakunja kanzu, akaingia katikati ya lusina ikimfika magotini, mvua inampiga. Akainama, akachuma shina, akalivunja, akalitafuna yeye mwenyewe. Watu walitazamana.

"Hili shamba lote?" aliuliza.

"Lote, Sharifu."

"Halitoshi." Akawageukia wanaume. "Mimi nalichukua lote, mwaka huu mzima, na mwaka wa pili ikiwa tuko hai. Na ninaye Mhindi huko Ngamiani mwenye ng'ombe wanane, jana kaniuliza nawapa nini. Nani mkubwa hapa, tushikane mikono kwa shahidi?"

Wale watu wanne wa msikitini walikuwapo, wote, na wote walikuwa wanamtazama Mwinyijuma. Naye alilitazama jembe lake, akaitazama miche, akamtazama binti wa kakake, aliyelowa mpaka mifupani. Akaliteremsha jembe.

"Ni mimi," alisema. Akampa Sharifu mkono. Halafu akapiga magoti kwenye lile shimo lililoingia kwenye mstari, akamsaidia Mama Noa kutoka, akaanza kulifukia kwa mikono yake miwili. "Ondoeni hiyo miche," aliwaambia wanawe. "Pelekeni Kirare, nitaiombea mahali huko. Huku kuna mtu amekwisha kupanda."

Kuna aliyecheka. Mama Noa alikuwa anakamua maji kwenye khanga, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kishambaa, polepole.

*

Mwezi wa saba, masika yamekwisha, Asmahani alikuwa anakata mkato wa tatu toka siku ile, mara akasikia mtu anakohoa kwa heshima. Alikuwa Ami Mwinyijuma, ana pakacha tupu.

"Kule Kirare," alianza, akasita. "Miche imeshika. Lakini kati ya mnazi na mnazi pana nafasi, unajua. Mama Noa ameniletea mbegu. Sasa ananiambia mbegu peke yake ni kazi bure."

"Ni kweli, Ami. Mimi zilinifia."

"Basi ndiyo nimekuja." Alisogeza pakacha mbele kwa mguu.

Asmahani alichukua jembe. Hakuchota ukingoni. Alikwenda mpaka katikati, palipokuwa na tanuu, pale udongo ulipokuwa bado mweupe chini na mweusi juu, umejaa vijizizi na vinundu. Akajaza pakacha, akashindilia, akajaza tena. Mwinyijuma alitaka kuita mmoja wa wanawe aje abebe, kisha akaghairi. Akapiga kata ya majani, akajitwika mwenyewe.

Alipita nalo katikati ya mji, saa sita mchana, kifua mbele. Kwenye kisima wanawake wakasimama na ndoo zao.

"Ami Mwinyijuma, umebeba nini kizito hivyo?"

"Udongo."

"Kwani kwako hakuna udongo?"

"Upo," alisema, bila kusimama. "Lakini haujafundishwa."